Kigingi Mlangoni mwa Mbuzi

Njia ya mtaa wetu ilikuwa na ubishi kunishinda mimi, na mimi najulikana. Ilianza pale mitumbwi inapofikia, ikapanda kati ya nyumba, ikazunguka duka la Sampa, ikapotea matopeni, kisha ikatokea tena karibu na barabara kubwa kana kwamba haikufanya kosa lolote. Kiangazi ilikuwa vumbi na magamba ya samaki. Wakati wa mvua loli za samaki zilizama mpaka tumboni, na makobo, samaki wetu, wakaoza humo wakiwa wamepangwa vizuri. Wanaume walisukuma, sisi wanawake tukatupa nyasi na matofali mabovu chini ya magurudumu, na dereva akakaa ndani akitufundisha namna ya kusukuma.

Kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na sita, boma, yaani serikali, iliposema itatujengea njia mpya ya mtaa, nilifurahi kama wengine. Nalisema hilo mapema, mtu asidhani niliichukia tangu mwanzo. Boma ingeleta mawe, mabomba ya kupitisha maji chini ya njia, na kapita wa kuongoza kazi. Sisi wakazi tungetoa mikono. Na mstari upite wapi tungekubaliana wenyewe mbele ya kapita, ili baadaye asitokee mtu wa kulia.

Shida ilikuwa kona moja tu. Pale konani nyumba mbili zilitazamana karibu sana, hata ukikaanga samaki upande huu, jirani wa upande ule anajua umeweka chumvi kiasi gani. Moja ilikuwa ya Goodson. Ya pili ilikuwa yetu, mimi na mume wangu Kafula.

Kafula aliijenga nyumba ile tuliporudi kutoka Katanga, alikofanya kazi ya kuchimba chini ya ardhi mpaka kifua kikajaa vumbi. Udongo wa matofali aliutoa kwenye kichuguu nyuma ya makaburi, akayafyatua, akayachoma, akayapanga, akipumzika kila baada ya matofali machache ili akohoe. Chumba cha kulala alikiwekea dirisha kubwa upande wa ziwa. Mafundi walimcheka, walisema upepo utamuua. Yeye alijua kitakachomuua. Aliniambia siku tuliyoingiza kitanda:

"BaNa Mubanga, miye sina mambo mingi ya kuomba tena. Nataka kufa paka hapa, mu kitanda hii, nikiangalia mayi."

Paka ni "tu" kwa Kiswahili cha Katanga, na Mubanga ni binti yetu, ameolewa mbali. Nyumba ilikuwa na sisi wawili na mbuzi mmoja.

Huyo mbuzi alikuwa wa utani. Kafula alikuwa mtu wa ukoo wa Mbuzi. Mimi na Goodson ni wa ukoo wa Chui. Chui humla mbuzi, na kwa hiyo koo hizi mbili ni watani, kwa lugha ya kwetu banungwe. Mwenye watani anajua nisemacho. Mtani akikutukana mbele ya watu, hukasiriki, unarudisha. Anayekasirika ameshindwa. Anayesimama kumweleza mgeni kwamba huu ni mzaha tu, huyo ameharibu kabisa, afadhali angenyamaza. Na siku ukifa, mtani wako ndiye anayekuchimbia kaburi, na kabla hujafukiwa anakutukana mara ya mwisho ili uende mwepesi. Kafula na Goodson walifanya kazi pamoja Katanga, na kutoka huko walirudi na Kiswahili chao na utani wao, na nyumbani kwetu hivyo viwili vilizungumzwa kuliko Kibemba.

Kabla kapita hajafika, mtaa ulikutana dukani kwa Sampa, ambaye alikuwa mwenyekiti wetu. Tulikubaliana upesi. Pale konani njia ingepinda kidogo na kupita kwenye banda la Sampa la kuwekea samaki. Banda lilikuwa limeoza nusu. Sampa alisema sawa, loli zikiongezeka atajenga jingine. Nyumba ya mtu isiguswe. Tulimshukuru kwa makofi.

Kapita alikuwa anaitwa Kalaba, mtu wa mbali sana ndani ya Kongo, huko ambako hata majina ya samaki wetu hawayajui. Sikumwona kuwa mtu mbaya wala leo sisemi hivyo. Alisalimia watoto na wakubwa, akakataa kiti mpaka wazee wakae. Kisha akasema:

"Bon. Batu ba hapa, miye sipendi kubomola nyumba ya mutu kwa nguvu. Lakini hapa ku kona, njia inapashwa kupata fasi. Museme ninyi benyewe, ipite wapi?"

Sampa alianza kusafisha koo. Goodson akamtangulia, akasimama, akanyoosha kidole kwetu.

"Kapita, iko paka nyumba moya ya kubomola. Ile ya huyu mbuzi. Angalia vile anakohoa. Ataenda karibu, sasa matofali itamusaidia nini? Mbuzi analalaka inje."

Watu waliangua kicheko. Kafula aliinuka kwa fimbo yake, uso umeng'aa. Siku nyingi hakuwa amesimama mbele ya watu.

"Chui leo amesema kweli," alisema. "Bomoleni. Miye nitaingia mu nyumba yake, nitalala mu kitanda yake, na bibi yake atanipikia nyama ya chui."

"Weye njo mwenye nyumba?" Kapita aliuliza.

"Njo miye."

"Na umekubali?"

"Nimekubali mbele ya batu bote. Mbuzi hageuke neno yake."

Tulicheka mpaka machozi, na Kapita Kalaba akacheka pamoja nasi, tukadhani ameelewa. Wakati huohuo ikasikika sauti kutoka ziwani kwamba mitumbwi imerudi na samaki wengi. Wanawake tukakimbilia mabeseni. Mkutano ukafa hapo. Sampa alisema asubuhi atampeleka Kapita mwenyewe amwonyeshe mstari.

Asubuhi tulikuta vigingi vimeshapigwa. Vilikuwa vya mti, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Kimoja kilisimama mlangoni mwetu, kingine nyuma ya jiko, na ukitazama kutoka hiki mpaka kile, jicho linapita juu ya kitanda chetu. Sampa alisema alipofika kazi ilikuwa imekwisha, akadhani Kapita naye ameingia katika utani. Labda ni kweli. Banda lake halikuwa na kigingi.

Kafula hakudhani, aliamini kabisa. Alicheka mpaka nikamshika mgongo.

"Huyu Kapita ni mutani wa kweli," alisema. "Ametushinda bote."

Akamfunga yule mbuzi kwenye kigingi. Kila asubuhi Goodson alivuka njia, akamwamkia mbuzi kwa heshima, "Mwapoleni, mwenye nyumba," akamuuliza kama ameshafunga mizigo. Watoto walikuja kutazama. Mtu aliyewahi kwenda pwani aliniambia huko wana msemo, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sisi hatukuwa na msemo huo. Ungetufaa.

Kapita alikuwa ameondoka kwenda kusimamia uchimbaji wa mawe. Aliporudi kazi ilianza chini, kwenye maji, na kila nyumba ilitoa mtu. Mimi mwenyewe nilibeba mawe kichwani. Njia ilipanda ikiwa imenyooka, na mabomba yakafukiwa moja baada ya jingine mpaka karibu na kona. Jioni moja Kalaba akaja kwetu, akavua kofia.

"Baba, ninyi niliwaacha mwisho ju ya heshima. Lakini sasa tumefika. Kesho kutwa mutoshe bintu mu nyumba."

Kafula alingoja amalizie mzaha. Kapita hakuwa na cha kumalizia. Nilimwona mume wangu akiangalia kigingi, kisha mbuzi, kisha mimi, na kicheko kilikuwa bado kimebaki mdomoni mwake, hakijui pa kwenda.

Mtaa ukaitwa tena dukani. Kafula alisema wazi, kwa mara ya kwanza bila kutukana mtu, kwamba yale yalikuwa maneno ya watani, na kwamba anaomba afie nyumbani mwake. Basi.

Kapita Kalaba alishika kichwa. "Baba, lakini nilikuuliza. Nilikuuliza weye mwenyewe, ukasema ndiyo, na batu bote banacheka, banafurahi." Akaeleza. Kurudisha njia kwenye banda la Sampa ni kufukua mabomba yote ya juu na kumwandikia bwana wa barabara. Kazi itasimama. Mawe yatapelekwa bandari nyingine, mvua itaingia, na mwaka ujao nani ajuaye.

Ndipo nilipowajua majirani zangu. Walitazama chini. Kisha mmoja akasema taratibu, "Lakini alikubali." Mwingine akasema, "Tulisikia bote." Watu walewale waliocheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sampa akajikohoza akasema, "Neno ya mutu mukubwa ni neno."

"Na neno ya banda yako, Tata Sampa?" nilimuuliza. "Ile haikuwa neno?"

Alianza kutafuta kitu mfukoni. Alikitafuta mpaka watu wakaacha kumtazama.

Goodson alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alikuja mbele.

"Kapita, bomola yangu," alisema. "Nyumba yangu iko upande huu. Usogeze mustari kiloko tu, mabomba haitaguswa. Miye niko na nguvu, nitajenga ingine. Miye njo nilianza ile neno."

Ilikuwa inawezekana. Kapita aligeuka akaitazama kona, nikaona anapima kwa macho. Halafu akamtazama Goodson, na uso wake ukafunguka, akatikisa kidole.

"Apana, Goodson. Sasa nimewayua. Baliniambia ku njia, chui na mbuzi hamusemeke neno ya kweli. Mara ya kwanza muliniweza. Mara ya pili, apana."

"Ninasema kweli."

"Njo vile ulisema na siku ile."

Goodson akapiga magoti pale kwenye vumbi la dukani. Na hapo, Mungu anisamehe kwa niliyowaza juu yao, watu wachache walicheka. Mtani akipiga magoti mbele ya watu huwa anatafuta kicheko. Hawakujua kucheka kwingine.

Kapita hakucheka sana safari hii. Alisita. Akamgeukia Kafula.

"Baba, weye unamuyua. Huyu anasema kweli ao anacheza?"

Neno moja tu lilitakiwa. Niliona dirisha letu, niliona kitanda, niliona maji. Nilimwangalia mume wangu nikamsukuma kwa moyo wangu wote aseme. Yeye alikuwa anatazama ng'ambo ya njia, kwenye mlango wa Goodson, ambako mke wake alisimama na mtoto mgongoni na wengine wameshika kitambaa chake.

"Anacheza," Kafula alisema. "Tangu lini chui anayua kusema kweli?"

Akacheka. Alicheka vizuri, kama anavyocheka siku zote, na Kapita akapumua, akavaa kofia.

Nilikasirika naye mpaka nikashindwa kumpikia. Nilimuuliza usiku kucha ni nyumba ya nani aliyoitoa, yake peke yake? Nilimwambia amekuwa mbuzi kweli, anajipeleka mwenyewe. Aliniacha niseme yote. Mwishoni alisema watoto wa Goodson ni wengi na mvua iko karibu, na kifo hakihitaji vyumba viwili. Nililia kwa hasira, na mpaka leo sijui kama nilimsamehe kabla hajafa. Natumaini alijua.

Siku ya kubomoa, watu walikuja na majembe na nyundo, kila nyumba mtu mmoja, kama tulivyokubaliana. Walisimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, kwa sababu anayevunja nyumba ya mtu hai anaanzisha uadui, na ni mtani peke yake anayeweza kufanya hivyo bila dhambi. Macho yakaenda kwa Goodson. Alikataa.

Kafula alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha Goodson, blanketi mabegani, amemshika mbuzi kwa kamba.

"Chui," alimwita. "Anza weye. Nisione Sampa akianza."

Goodson alipiga chini ya dirisha. Kafula alikuwa ameyachoma vizuri matofali yale, yalikataa. Ikabidi apige tena na tena, na kila pigo Kafula alisema, "Una mikono ya muke," na hakuna aliyecheka, na Goodson akaendelea kupiga huku machozi yakimwingia mdomoni. Ukuta ulipoanguka, ziwa lilionekana pana kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa sijawahi kuliona kutoka njiani.

Ikawa kama alivyosema siku ile ya kwanza. Aliingia nyumba ya chui, akalala kitanda cha chui, na mke wa chui akampikia. Goodson na watoto wake walilala jikoni. Chumba kilikuwa kizuri na kisafi. Dirisha lake lilitazama njia. Kafula alilala akiangalia watu wakimwaga mawe na kuyashindilia mahali palipokuwa na nyumba yake, na alipoulizwa kama anataka tumgeuze upande wa ukuta alisema hapana, anasimamia kazi.

Mvua za kwanza zilipogonga, pumzi yake ilianza kukatika. Alimwita Goodson, akamshika mkono. Mimi nilikuwa pale.

"Siku yangu usinililie," alimwambia. "Ukilia, batu batasema ulitaka kweli nyumba yangu ianguke. Unitukane muzuri. Unasikia? Unitukane mpaka bacheke."

"Nitakutukana," Goodson alisema.

"Apa."

Goodson akaapa. Baada ya hapo Kafula aliniuliza kama mawimbi ni makubwa leo. Kutoka pale hakuweza kuyaona. Nilitoka nje, nikaenda mpaka yanapoonekana, nikarudi kumwambia kwamba maji yametulia, yanang'aa, na mitumbwi inarudi. Alikuwa ameshakwenda. Nilimwambia hivyohivyo.

Goodson alichimba kaburi. Waimbaji wa kanisa waliimba, mzee wa kanisa akaomba, kisha akasogea pembeni kwa sababu anajua desturi, ingawa haipendi. Sanduku likashushwa. Watu wote wakamtazama Goodson, akasimama ukingoni na matope mpaka magotini.

"Mbuzi," alianza.

Tukangoja.

"Mbuzi weye," alisema tena, na uso ukamvunjika. Alijaribu kuubana kwa mikono miwili, akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya kaburi la mtani wake. Nikasikia mnong'ono ukianza nyuma yangu, upande wa kina Sampa. Nilijua unasema nini. Ulisema vilevile Kafula alivyosema utasema.

Mjane hazungumzi kaburini. Anashikwa mikono na wanawake, analia, basi. Lakini mimi pia ni chui. Nilikuwa mtani wake kabla sijawa mke wake, na miaka yote ile sikuwahi kumwachia neno la mwisho. Nilijitoa mikononi mwao nikaenda kusimama karibu na Goodson.

"Yaya," aliniita, kama anavyomwita dada yake mkubwa. "Yaya, imenishinda."

"Nyamaza," nilimwambia. Nikatazama chini, nikasema kwa nguvu ili wasikie mpaka wa nyuma:

"Kafula. Mbuzi mubaya weye. Ulisema utakula nyama ya chui, ukalala mu nyumba yake wiki mingi, hata panya ulishindwa kula. Enda sasa. Na kule unafika, bakikuuliza nyumba yako iko wapi, usichekeshe batu."

Goodson akacheka, kwa sababu ni sheria, akacheka huku analia, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka mlima mzima wa watu ukawa unacheka na mzee wa kanisa akaangalia mbinguni. Goodson akachukua koleo akaanza kufukia.

Tulirudi kwa njia mpya. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote na hapakuwa na matope hata kidogo. Loli ilitupita imejaa makobo, haikuzama popote, dereva akatupungia mkono. Ni njia nzuri, sitadanganya. Tulipofika konani, wengine walinyoosha moja kwa moja. Mimi nilizunguka pale kitanda kilipokuwa, na mpaka leo nazunguka.